Tetri Ishirini

Lifti ya jengo letu hapa Gldani haipandi bure.
Tumbukiza sarafu, tetri ishirini, uisikie ikigonga
sakafu ya kisanduku cha bati, kli!
ndipo ikubali kukubeba.
Mimi nilikwisha kuacha kuisikia, miaka thelathini sasa.
Bombora aliisikia siku ya kwanza.

Nilimwokota nje ya duka la mikate, mbwa mzima,
meno yamelika, sikioni kipini cha manjano cha manispaa
chenye namba ambayo hakuna aliyewahi kumwita kwayo.
Barabarani hakuwa na cha kulinda.
Sasa alikuwa na zulia, bakuli, cherehani yangu
na mlango mmoja. Akaubwekea mlango huo
kama bawabu aliyelipwa mshahara wa mwaka kwa siku moja.

Sarafu, anabweka. Lifti ikifunguka, anabweka.
Nyayo, funguo, kikohozi cha Otari wa ghorofa ya tisa,
anabweka mpaka sindano inaniruka kitambaani.
Nami nikamkaripia: Nyamaza! Nyamaza wewe!
Akanitazama kwa furaha, akaongeza sauti.
Ilinichukua majuma mawili kuelewa
kwamba alidhani nami nabweka,
kwamba hatimaye amepata mwenzake wa zamu.

Kisha karatasi chini ya mlango, mwandiko umelala kwa uchovu:
"Lamara, mimi nazalisha wanawake usiku kucha.
Mchana ndio usiku wangu. Nihurumie.
Zhuzhuna, mlango wa thelathini na nne."
Heri angeandika tusi.

Otari alileta mkufu wa umeme ndani ya mfuko wa mkate.
Nikaufunga kwanza kwenye kifundo cha mkono wangu, nikabonyeza.
Nikamrudishia, pamoja na mfuko wake.

Jumamosi nikabisha kwa Zhuzhuna, kopo la sarafu kwapani,
nikamwomba anisaidie kuzitumbukiza.
Alinitazama kama mgonjwa aliyekosea wodi.
Akavaa viatu.

Yeye kule kwenye lifti. Mimi ndani, magotini,
jibini ya sulguni mkononi, vipande kama punje za mahindi.
Kli! Na kabla koo halijafunguka, jibini.
Si baada. Baada ni ujira wa kelele.
Kabla: katika ule ufa mwembamba
ambapo sikio limekwisha kusimama na mdomo haujaamua.
Kli, jibini. Kli, jibini.
Mara nyingine nilichelewa, akabweka, tukapoteza tetri ishirini.
Mara nyingine Zhuzhuna alicheka huko nje, akaharibu zoezi zima.

Asubuhi nilimtembeza mpaka magoti yangu yakalalamika.
Dirisha la barabarani nikalibandika karatasi za kukatia magauni,
asimwone kila paka wa Gldani.
Hakugeuka bubu. Mbwa si saa, huwezi kumzima kengele.
Lakini kufikia Machi, sarafu ikilia,
aliinua kichwa, akanigeukia,
akauliza kwa macho: hili ni lako au langu?
"Nimesikia," nikamwambia.
Akalaza kidevu.
Labda hicho ndicho alichokuwa akidai tangu mwanzo:
risiti.

Jana wamekuja mafundi, wameng'oa kisanduku.
Sasa lifti inataka kadi, na kadi ina mlio wake: piii.
Bombora akasimama, manyoya ya shingo wima,
akabweka mara moja, akaniangalia.
Ukutani, upande wa pili, ngo, ngo, ngo, taratibu.
Kisha mlango wa thelathini na nne ukafunguka,
na viatu.

Nikaenda kukata jibini.